Hatua Elfu Kumi na Nne

Saa moja ya asubuhi, Adjudant Valère Bosenge alikuwa amekwishatembea hatua elfu mbili na mia tatu, na bado hajatoka kitandani.

Hatua hizo zilikuwa zinaandikwa na saa nyeusi ya mpira, na saa hiyo ilikuwa kwenye mkono wa mke wake, Mama Clothilde. Mama Clothilde naye alikuwa kwenye bomba la maji la mtaa, hapa Kabondo, bidon, dumu lake, ikiwa ya nne kwenye mstari. Aliporudi alimimina maji kwenye pipa, akafagia uwanja, akatia majani ya pondu, yale ya muhogo, kwenye kinu, akaanza kutwanga, maana pondu iliyotwangwa ndiyo biashara yake. Kila mchi uliposhuka, saa ilihesabu hatua moja. Saa ile haikujua pondu. Iliona mkono unapanda na kushuka, ikaandika kwamba mzee huyu anatembea vizuri sana.

Valère alitoka wakati chai imeshachemka. Alishika fimbo, akapiga hatua kumi na moja kutoka kitandani mpaka kwenye kiti chake cha kusukwa cha rotin karibu na mlango, akakaa. Miguu ya kiti hicho ilikuwa imechimba mashimo manne kwenye udongo. Tangu mwaka jana, siku alipoanguka kwenye njia panda mbele ya vijana wa toleka, wale wanaobeba watu nyuma ya baiskeli, hakuvuka tena mwisho wa uwanja wake. Kijana mmoja alimwambia, wenzake wakicheka, "Papa, panda nyuma nikufikishe kwa kaburi, ni bure." Wengine walimwinua na kumpangusa vumbi, hiyo ni kweli, lakini neno lile ndilo lililobaki naye.

"Umelala vizuri, Papa Nathalie?"

"Nimelala. Leo tuko kwa ngapi?"

Clothilde aliangalia mkono wake. "Elfu tatu na mia sita."

"Bon," alisema Valère, akavuta kikombe. "Uendelee."

Saa hiyo ilitoka kwenye kituo cha afya. Daniella, muuguzi kijana, aliwakusanya askari wastaafu ishirini na wawili wenye sukari na presha, akampa kila mmoja saa ya kuhesabu hatua. Saa inaongea na simu, simu inapeleka namba kituoni, na Docteur anaona nani anatembea na nani amekaa. Mwanzoni Daniella aliwaonyesha michoro ya rangi kwenye simu. Wazee waliitazama kwa heshima, wakaisahau. Ndipo alipofikiria kitu ambacho hawa watu walikifuata kwa miaka thelathini bila kuuliza: appel, kuitwa majina. Kila siku saa kumi na moja ya jioni alipiga simu moja kwa wote, akasoma jina na hatua za kila mmoja, na mwenye jina akajibu.

Siku ya kwanza Valère alisema saa inamuwasha. "Uvae wewe, mama. Isikae bure." Clothilde akavaa, bila kufikiria neno. Jioni simu ikalia, na sauti ya Daniella ikajaa kwenye uwanja.

"Sergent Arsène, hatua elfu nne na ishirini."

"Présent!"

"Caporal Zacharie, hatua mia nane na sabini."

"Présent! Na makwapa inauma!" Wazee wakacheka. Zacharie anatembea kwa magongo mawili, mguu wake wa kushoto ulibaki vitani.

"Adjudant Valère Bosenge, hatua..." Daniella alisoma tena. "Hatua elfu kumi na nne, mia mbili na tano."

Simu ilijaa makelele. "Adjudant! Ulienda wapi? Ulifika mpaka Kindu?"

Valère alikohoa. Kisha akasema kwa sauti ile ya zamani, "Présent."

Nyuma ya nyumba, mchi ulisimama. Clothilde alikuja akipangusa mikono kwenye kitenge.

"Papa Nathalie. Hatua elfu kumi na nne, ulitembea wapi? Kwa ndoto?"

"Mama, polepole. Kwa jeshi iko vile. Rafiki akikosa kwa appel, unajibu kwa nafasi yake. Arsène nilimujibia miezi miwili nzima, yeye iko kwa wakwe yake, Basoko. Hakuna mutu alikufa."

"Na mimi ndiye rafiki yako ya jeshi?"

"Wewe ndiye miguu yangu."

Clothilde alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Alirudi kwenye kinu, lakini namba ile ilibaki kichwani mwake kama wimbo wa kanisa. Elfu kumi na nne, mia mbili na tano. Miaka arobaini na moja alikuwa anaamka kabla ya kuku, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia jioni: leo umefanya kiasi hiki. Kesho yake alipita njia ndefu kwenda soko, bila sababu yoyote. Siku ya tatu wakafika elfu kumi na tano.

Aliyekataa ni binti yao Nathalie, mwalimu wa mwaka wa pili, ambaye ndiye alikuwa anachaji ile saa na kuweka mégas za intaneti kwenye simu. "Papa, ile haiko appel ya camp ya jeshi. Ile namba inaenda kwa Docteur."

"Docteur anaona namba ya muzuri, anafurahi. Nani anapoteza?"

Nathalie akarudi kwenye madaftari yake. Na baba ambaye amekuwa adjudant, mtu anachagua siku ya kubishana.


Jumapili baada ya misa, mlio wa tok, tok, tok ulisikika barabarani, ukaingia kwenye uwanja. Alikuwa Caporal Zacharie, shati limeloa mpaka mgongoni, meno yote nje.

"Mon adjudant! Nimetembea!"

"Toka Simi-Simi?" Valère alishtuka, maana Simi-Simi, kule kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ni upande mwingine wa mji.

"Mimi si mwenda wazimu. Toleka imenishusha kule kwa goudron, kwa lami. Nikajiambia, sasa, Zacharie, mbele. Angalia!" Akanyoosha mkono wenye saa. "Elfu moja na mia tisa. Tangu walinikata muguu sijafika elfu moja hata siku moja."

Aliketi kwenye benchi, akaonyesha vitambaa alivyofunga juu ya magongo ili yasimchubue. Vilikuwa na damu kidogo. Vitani Zacharie alikuwa anabeba redio nyuma ya Valère, na mpaka leo hakukaa kabla ya kuambiwa. Siku hiyo alikaa bila kuambiwa, kwa kuchoka.

"Ni juu yako, chef," alisema. "Kila jioni nasikia: Bosenge, elfu kumi na nne. Bosenge, elfu kumi na tano. Najiambia, yule mzee iko na sukari, iko na fimbo, na anafika. Mimi ni nani nibaki kwa mukeka?" Kisha akainama mbele, akaangalia mkono mtupu wa Valère. "Montre yako iko wapi?"

"Iko... kwa courant," alisema Valère. "Inakula chaji kidogo."

Jikoni, Clothilde alificha mkono wake chini ya kitenge. Alimletea mgeni kwanga, mkate wa muhogo, na pondu ya moto, akamwekea kipande kikubwa cha makayabu, samaki wa chumvi, kile alichokuwa amemtengea mume wake. Valère alikiona kikipita mbele ya macho yake. Alikula kidogo sana siku ile.

Zacharie alipoondoka, walisikiliza magongo yake mpaka yakapotea.

"Damu ile umeiona?" aliuliza Clothilde.

"Nimeona."

"Alors?"

"Alors nimeona, mama. Uniache."


Alhamisi Daniella alifika mwenyewe na mkoba wake wa vipimo. Alimsalimia kila mtu, akakaa kwenye kibao, akamtoboa Valère kidole. Valère aligeuza uso. Mtu huyu alivuka mito chini ya risasi, lakini siku ya chanjo kule camp walimtoa chooni alikojificha. Wazee wote wanaijua hadithi hiyo, na yeye anajua kwamba wanaijua.

Daniella aliangalia mashine. Akatoboa kidole kingine, akaangalia tena.

"Papa Adjudant, mwezi uliopita tulikuwa mia mbili na arobaini. Leo ni mia tatu na kumi." Alimvua ndala, akapekua vidole vya mguu kimoja kimoja. Katikati ya vidole viwili vya mwisho palikuwa na kidonda kidogo, chenye unyevu. "Hii inauma?"

"Wapi?"

"Hapa naigusa."

"Sisikii kitu."

Daniella alikisafisha kidonda, akakifunga. Clothilde alisimama nyuma yake, mkono wenye saa umeingia tena ndani ya kitenge.

"Nilionyesha Docteur namba zako," alisema Daniella. "Anasema mutu anatembea hatua elfu kumi na tano kila siku, na sukari inapanda, basi dawa ya kumeza imeshindwa. Jumatatu tunaanza sindano."

"Sindano moja?"

"Kila siku, papa. Na huu muguu tunauchunga kama yai. Sitaki nikuone na magongo kama ya Caporal Zacharie." Alipoona uso wa mzee umeanguka, alitafuta kitu cha kumfurahisha. Akatoa mkobani firimbi yenye kamba nyekundu. "Lakini iko habari ya muzuri! Jumamosi tunafanya marche, toka kituo mpaka uwanja wa shule na kurudi. Wazee yote wamekuchagua. Wewe ndiye utatangulia."

Alimvalisha firimbi shingoni, akapiga makofi peke yake, akaenda.

Firimbi ilikaa kifuani mwa Valère. Kuku mmoja alipita. Nathalie, aliyekuwa anasahihisha madaftari dirishani, ndiye aliyesema kwanza.

"Papa, Docteur anatibu miguu ya mama ndani ya mwili yako."

"Nimesikia."

"Umwambie Daniella," alisema Clothilde.

"Nitamwambia kisha ya marche."

"Umwambie kesho kwa simu."

"Mbele ya batu yote, mama? Mimi, adjudant? Zacharie atasikia!"

"Na Jumamosi utatangulia na miguu gani? Nitatembea chini ya suruali yako?" Hapo alikuwa karibu kucheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cheupe mguuni mwa mume wake, na kicheko hakikufika. "Sindano hii nayo, nani ataivaa? Nitoe mukono yangu wakuchome mule?"

Valère aliigeuza firimbi kifuani.

"Bon," alisema Clothilde. "Nimeelewa."


Ijumaa asubuhi Valère alitoka na fimbo yake, akapiga hatua tisa, akasimama. Kwenye kiti chake cha rotin alikuwa amekaa mke wake. Alivaa kitenge cha Jumapili, amepakaa mafuta, mikono juu ya magoti, saa mkononi.

"Unagonjwa?"

"Hapana. Niko kwa kiti."

"Chai?"

"Sijawasha moto."

"Maji je?"

"Iko kwa bomba."

Valère aliangalia kinu. Beseni la majani lilikuwa kando yake, limejaa. "Na pondu ya Mama Odile? Si anakuja kuchukua saa tisa, kwa mahari ya mutoto wake?"

"Anakuja. Pondu haijitwangi, Papa Nathalie. Nilijaribu kuiambia, miaka mingi."

Nathalie alipita kati yao na mkoba wa shule, midomo ameibana, mabega yanatikisika. Walimsikia akianza kucheka barabarani.

Valère alikaa kwenye benchi kungoja. Alidhani ni mchezo wa nusu saa. Ilipofika saa tatu njaa ilimshika, na Clothilde alikuwa bado anaangalia barabara kama mtu anayengoja treni. Basi mzee akatafuta bidon ndogo ya lita tano, akavaa soksi na viatu vya kufunga juu ya kitambaa cha Daniella, akashika fimbo kwa mkono mmoja na bidon kwa mkono mwingine, akavuka mwisho wa uwanja wake.

Kwenye njia panda vijana wa toleka walikuwa wameegesha baiskeli zao, mito ya rangi ya kukalia nyuma. Valère alimtambua yule wa maneno ya kaburi. Akakaza shingo.

"Papa Adjudant!" aliita kijana. "Tulidhani ulihama! Nikubebee bidon?"

"Hapana. Niko kwa corvée, kazi ya amri."

"Corvée! Nani amekupatia?"

"Mwenye cheo."

Vijana walipasuka kwa kicheko, na Valère akashangaa kusikia kwamba na yeye anacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha mwaka jana, cha vijana walewale, lakini leo yeye alikuwa amesimama.

Kwenye bomba wanawake walimpisha mbele. Mama Fatouma, muuza sabuni aliyekuja zamani kutoka Maniema, alishika kiuno. "Adjudant mwenyewe kwa maji? Clothilde amekufa?"

"Hajafa. Ameketi."

"Ameketi? Clothilde? Mchana?" Aliwageukia wengine. "Wamama, mimi hii naenda kuangalia kwa macho!"

Walikwenda. Valère aliporudi na maji, mwendo wa kusimama kila nyumba ya tatu, alikuta wanawake watano wamezunguka kiti cha rotin, wanamtazama mke wake kama mtoto mchanga, na mmoja anampepea kwa mfuniko wa sufuria. Clothilde alikuwa anatabasamu kama bibi arusi, bila kutikisa mkono. Valère alikwenda tena kwenye bomba, na tena. Mara tatu. Kisha akavuta kibao mbele ya kinu, akashika mchi.

"Usiipige kama adui," alisema Clothilde kutoka kwenye kiti. "Ni majani."

"Naipiga namna gani?"

"Acha mchi ianguke yenyewe. Wewe uinue tu. Hivyo. Haya, umeimwaga. Okota."

Saa tisa Mama Odile alikuta pondu yake tayari, nzito kidogo, na aliyeitwanga amelala kwenye benchi, mikono imetoka malengelenge. Aliichukua, akawaangalia mmoja baada ya mwingine, akaondoka bila kuuliza. Mambo mengine mtu anayapeleka kwenye mahari akayasimulie vizuri.

Saa kumi na moja simu ililia.

"Adjudant Valère Bosenge, hatua..." Sauti ya Daniella ilipungua. "Hatua mia moja themanini na nane?"

Wakaongea wote kwa pamoja. "Adjudant! Iko nini?" "Mumuulize Mama Clothilde, labda yuko hospitali!" Na sauti ya Zacharie juu ya zote: "Chef! Jibu! Chef!"

"Présent," alisema Valère. "Niko. Sijakufa." Akafunga simu.

Alikaa anaangalia viganja vyake. Siku hii moja alitembea kuliko mwaka mzima. Goti lilikuwa linawaka, mgongo unauma, na mbele ya wenzake wote zilikuwa zimesomwa hatua mia moja themanini na nane.

"Mama, leo nimetembea," alisema polepole.

"Najua."

"Nimeenda kwa bomba mara tatu."

"Najua. Nilikuwa naangalia."

"Na hakuna mutu amehesabu."

Clothilde alimwangalia kuku akipanda kwenye kinu kutafuta majani yaliyobaki. "Miaka arobaini na moja, Papa Nathalie," alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo, "mimi sikuwa na montre."

Kisha akafungua saa mkononi, akaiweka kwenye kiganja cha mume wake, juu ya malengelenge.

"Uvae mwenyewe. Mimi inaniwasha."


Jumamosi wazee walijipanga mbele ya kituo kwa mistari mitatu, bila kuambiwa. Wengine walivaa bereti, wengine kofia za mpira, Sergent Arsène alivaa koti la mvua katika jua kali kwa sababu lilikuwa na vifungo vya dhahabu. Daniella alisimama na daftari, akaita majina kwa jumla ya juma zima.

"Adjudant Valère Bosenge. Hatua elfu themanini na tisa."

Valère alisimama mbele ya mstari, firimbi shingoni, mke wake na binti yake kando ya ukuta na wanawake wengine. Alivuta pumzi.

"Absent," alisema.

Walicheka, maana Adjudant alikuwa na mizaha zamani.

"Absent!" alirudia, kwa sauti ya camp, wakanyamaza. "Juma mbili yote nilikuwa absent. Nilikuwa kwa kiti. Zile hatua ni ya Mama Clothilde. Ni maji, ni soko, ni pondu. Alinijibia kwa appel, mimi ndiye nilimwomba. Namba yangu mimi ni zéro, Mama Daniella. Uandike. Na umwambie Docteur dawa haijashindwa. Ni mutu ndiye alishindwa."

Hakuna aliyetikisika isipokuwa Zacharie. Magongo yake yalitoka kwenye mstari, tok, tok, mpaka mbele ya Valère. Alikuwa na vitambaa vipya kwapani.

"Nilitoka damu kwa ajili ya pondu?" aliuliza.

"Ndiyo, Caporal."

"Kila jioni nilikuwa nafuata kinu?"

"Ndiyo. Unisamehe."

Zacharie alimwangalia sana. Halafu kitu kikaanza tumboni mwake, kikapanda, na alipocheka ilibidi Arsène amshike asianguke. "Elfu mbili na mia moja!" alipiga kelele. "Jana nilifika elfu mbili na mia moja, juu ya pondu! Mama Clothilde, simama tukuone! Mukuu wetu ni wewe!"

Mistari ilivunjika. Wazee ishirini na mmoja walimwendea Clothilde, wakampigia saluti mmoja baada ya mwingine, na yeye akiziba mdomo kwa kitenge. Daniella alikuwa ameshampigia simu Docteur. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi. "Sindano inangoja mwezi moja. Anataka hatua ya kweli, na kidonda kila siku nakiona mimi. Ukidanganya tena, Papa Adjudant, nakuchoma mwenyewe." Kisha akamgeukia Clothilde, machozi ya kicheko machoni. "Mama, iko montre moja imebaki kwa carton. Nikuletee?"

"Montre ya nini, mwanangu?" alisema Clothilde. "Mimi nilishajua nimechoka."

Wanawake wa ukutani walipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka kituoni kutazama.

Valère alivua firimbi, akamvalisha Zacharie. Kwa hiyo marche ilikwenda kwa mwendo wa mtu wa mguu mmoja, na huo ulikuwa mwendo ambao kila mtu aliuweza. Valère alitembea nyuma kabisa, karibu na mke wake, akisimama kila nyumba ya tatu. Alifika uwanja wa shule. Kurudi hakuweza. Yule kijana wa toleka alikuwa pale, amefuata kelele, akapangusa mto wake wa nyuma kwa kiganja.

"Papa, panda nikufikishe," alisema. "Ni bure."

"Unifikishe wapi?"

"Kwa nyumba, papa," alisema kijana, akainamisha kichwa.

Valère akapanda. Saa yake ilikuwa imeandika elfu moja na mia nne, na njia nzima alishika mkono wenye saa kwa mkono mwingine, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.


Jumatatu, saa kumi na moja ya jioni, simu ililia juu ya kiti cha rotin. Nathalie alikuwa peke yake, anafua, akapangusa povu na kuja kuipokea. Daniella alikuwa ameshaanza.

"Sergent Arsène, hatua elfu tano na kumi."

"Présent!"

"Caporal Zacharie, hatua elfu mbili mia tatu na nne."

"Présent! Na leo makwapa haiumi!"

"Adjudant Valère Bosenge, hatua elfu mbili na sitini."

Nathalie alishika simu. Kiti kilikuwa wazi. Fimbo haikuwepo, bidon ndogo haikuwepo, wala ile kubwa.

"Adjudant?" aliita Daniella. "Adjudant Bosenge?"

Neno lilikuwa mdomoni, fupi, rahisi. Nathalie alilimeza.

"Absent," alisema. "Ametoka na mama. Wako kwa bomba."